Msuli Uliosahau Kukaza: Seli za Misuli Laini Nje ya Mwili

Mabibi na mabwana, wanafunzi, nawashukuru kwa kufika.

Leo msuli wa mkono tuuache. Nataka msuli laini, ule usiongoja amri yako: wa utumbo, wa kibofu, wa mji wa mimba, wa kuta za mishipa ya damu.

Tuchukue aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Chuna tabaka la nje, kwangua utando wa ndani, ubaki na tabaka la kati, makazi ya seli zetu. Likate vipande vya kama milimita moja, uvilaze kwenye kisahani chenye maji ya lishe, joto nyuzi 37. Kisha usubiri, na mwenye pupa kazi hii itamshinda. Baada ya wiki moja au mbili utaona seli nyembamba ndefu zikitambaa kutoka kwenye kingo za kipande. Zikijaa hupandana, hapa kilima, pale bonde. Mzoefu wa hadubini huzishuku kwa umbo hilo tu, ingawa lazima azipime.

Ndani ya mwili seli hii hukaza na kulegea, na imesheheni nyuzi za aktini na miosini, protini zinazovutana ili seli ikaze. Kisahanini, siku chache tu, nyuzi zinapungua, seli inaanza kugawanyika na kumwaga kolajeni, protini inayoshikiza tishu. Mkazaji kageuka fundi mjenzi. Chamley-Campbell, Campbell na Ross waliyachambua mageuzi haya kwa kirefu mwaka 1979.

Nani kaiamsha? Jibu kubwa lilitoka kwa Russell Ross na wenzake, Seattle, mwaka 1974. Walizilisha seli za ateri za nyani kwa serumu, yaani majimaji yabakiayo damu ikiachwa igande. Zikaongezeka kwa kasi. Wakatumia majimaji ya damu iliyoondolewa kwanza zile chembe za kugandisha; seli zikatulia tuli. Wakarudishia vilivyomo kwenye chembe hizo, zikaanza tena. Mimi jaribio hili silichoki: swali moja, jibu limenyooka.

Sasa mfikirie mgonjwa ambaye ateri yake ya moyo imetanuliwa kwa puto. Ukuta umechubuka, chembe za kugandisha zinajazana hapo, na seli za msuli zinafanya yaleyale ya kisahanini: zinazaana mpaka njia inaziba upya. Ndiyo maana zikaja stenti, vibomba vya wavu vya kushikilia mshipa wazi, zilizopakwa sirolimus, dawa inayozuia seli hizo kugawanyika, ambayo asili yake ni bakteria wa udongo wa Kisiwa cha Pasaka. Marekani iliidhinisha stenti hiyo mwaka 2003.

Ombi kwa mnaosoma tafiti. Mkiambiwa dawa fulani inalegeza mishipa, na ushahidi ni seli za kisahani, ulizeni zimehamishwa visahani vingapi. Zilizohamishwa mara nyingi huenda zimeshapoteza nyuzi za kukazia, hazina tena cha kulegeza.

Haya, maswali. Tuanze na huyo wa nyuma.