Nimefuata Maji ya Warumi: Vers-Pont-du-Gard na Majirani Zake

Wakubwa zangu shikamooni. Wa rika langu, habari za huko nyumbani? Na wale wa Kilema, Mamba na Marangu, shimbonyi! Leo hamnioni Lyon ninakoishi. Nimepanda treni asubuhi mapema, nikashuka kusini, nikadandia basi, na sasa hivi nimekaa juu ya jiwe kando ya mto Gardon.

Kabla sijawageuzia kamera, sikilizeni kwanza. Huo mlio wa chini ni mto. Huo wa juu, unaokata kama msumeno, ni nyenje kwenye miti. Jua la huku kusini mwa Ufaransa likishika kasi wakati wa kiangazi, nyenje hawanyamazi mpaka jioni. Haya, sasa tazameni.

Hili ndilo daraja la Pont du Gard. Lina urefu wa mita 49 hivi kwenda juu, ghorofa tatu za matao. Chini matao 6, katikati 11, na juu kabisa matao madogo 35. Zamani yale madogo yalikuwa 47, lakini mengine yalibomolewa kwenye ncha. Warumi walilijenga katika karne ya 1 baada ya Kristo, na tangu mwaka 1985 UNESCO wameliweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kijiji lilipo kinaitwa Vers-Pont-du-Gard, kijiji kidogo cha mashamba ya zabibu na mizeituni ambacho ukipita kwa gari ukipiga chafya umeshakivuka.

Watu wengi wanafika hapa, wanapiga picha, wanakula aiskrimu, wanaondoka. Nami ningefanya hivyo hivyo kama nisingekuwa mtoto wa mlimani. Ndugu zangu, hili si daraja la watu. Ni daraja la maji. Pale juu kabisa, juu ya yale matao madogo, kuna mfereji uliofunikwa kwa mabamba ya mawe, na ndani yake yalipita maji ya kunywa na ya kuogea ya mji wa Nîmes. Kwa lugha ya kwetu, huu ni mfongo. Mfongo wa mawe, wenye urefu wa kilomita 50.

Kwa wale ambao hawajawahi kuishi Uchagani, nieleze kidogo. Mfongo ni mfereji unaochimbwa kwa mkono kuanzia juu kwenye korongo la msitu, ukazungushwa ubavuni mwa mlima mpaka uingie kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya watu. Hakuna pampu. Kazi yote inafanywa na mteremko. Ukiuinamisha sana, maji yanakimbia na kubomoa kingo. Ukiulaza sana, maji yanasimama na tope linajaa. Babu yangu alikuwa na jicho la jambo hilo. Alikuwa anachimba kipande, anaachia maji kidogo, anachuchumaa, anayaangalia yanavyotembea, ndipo anachimba kipande kingine. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nambebea jembe.

Sasa sikieni mahesabu ya hawa Warumi. Chemchemi walikochukulia maji iko chini ya mji wa Uzès. Kutoka chemchemi hiyo mpaka Nîmes, maji yanashuka mita 12 na kidogo tu. Mita 12! Ni mgrevilea mmoja wa mpakani mwa shamba. Mgrevilea huo uugawanye kwa kilomita 50, unapata kama sentimita 25 kwa kila kilomita. Shibiri moja. Na hapa kwenye daraja lenyewe, kutoka upande ule mpaka huu, mfereji unashuka sentimita 2 na nusu tu. Nilipolisoma hilo kwenye jumba la makumbusho hapo nyuma yangu, nilisimama nikamkumbuka babu akiwa amechuchumaa.

Na kwa nini kilomita 50, wakati Uzès na Nîmes ukinyoosha kamba haziachani hata nusu ya hapo? Kwa sababu katikati kuna vilima vya mawe na vichaka. Mfereji hauwezi kupanda kilima, kwa hiyo waliuzungusha, wakafuata ubavu wa ardhi, wakatoboa pale palipobidi. Na walipokutana na bonde hili la Gardon hapakuwa na pa kuzunguka. Hapo ndipo likajengwa hili mnaloliona.

Ngoja nisogee muone mawe. Rangi hii ya asali ni mawe ya chokaa, na ukitazama kwa karibu utaona vipande vya kombe za baharini ndani yake. Watu wa pwani mtaona kama ndugu wa mawe ya matumbawe ya kwenu. Yalichongwa jirani kabisa, kwenye machimbo ya hapa hapa Vers. Mawe makubwa yanafika tani 6, na katika ghorofa mbili za chini yamepangwa bila chokaa ya kuunganishia. Uzito wake wenyewe ndio unaoyashika. Yale mawe yanayochomoza ukutani kama meno, wajenzi waliyaacha makusudi ili majukwaa ya mbao yakae juu yake. Kazi ilipokwisha hawakuyakata. Mimi nimefurahi hawakuyakata, maana ni kama fundi ameondoka dakika hii kwenda kula.

Na hizi alama za nyundo, bikari na majina zilizochorwa ukutani ni za mafundi uashi wa Ufaransa. Kwa karne nyingi vijana waliokuwa wakijifunza uashi walizunguka nchi nzima kwa miguu wakifanya kazi, na hapa palikuwa pa lazima kupita. Nyie msichonge kitu, tafadhali. Siku hizi ni kosa la kisheria.

Daraja hili liliponea chupuchupu. Katika Zama za Kati maji yalikuwa hayapiti tena, watu wakataka njia ya mikokoteni. Wakazipunguza nguzo za ghorofa ya katikati, yaani wakazichonga ubavuni ili mkokoteni upenye. Nguzo zimebeba matao 35 juu yake, nao wanazila! Mwanzoni mwa miaka ya 1700 zilirekebishwa, na kati ya 1743 na 1747 mhandisi Henri Pitot akajenga daraja la barabara lililogandana na la Kirumi. Ndilo hilo tunalotembea juu yake leo. Ukisimama hapa na kugusa ukuta, mkono wako wa kushoto uko karne ya 18 na wa kulia karne ya 1.

Mto huu mnaouona umepoa msidanganyike. Gardon ukichafuka ni balaa. Septemba 2002 mvua kubwa ilinyesha mkoa mzima na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Maji yalijaa bonde hili, miti mizima ikabebwa, na daraja likabaki limesimama. Nguzo za chini zimejengwa na ncha kali upande maji yanakotokea, kama pua ya jahazi, ili ziyapasue.

Sasa tutoke hapa twende kijijini, kwa sababu nilichokifuata hasa kiko huko.

Kutoka darajani mpaka Vers ni mwendo wa miguu tu. Kitu kimoja kuhusu vijiji vya Ufaransa: salamu. Mjini unaweza kupita bila kusema neno, lakini kijijini ukiingia duka la mikate bila kusema "bonjour" umejiharibia. Kwetu tumelelewa hivyo hivyo, kwa hiyo hatupati shida. Nilimsalimia mzee mmoja aliyekuwa na mbwa wake, akaniuliza natokea wapi, nikamwambia Tanzania, Kilimanjaro, na kwamba nimekuja kuangalia mfereji, si daraja. Akacheka kwa furaha, akaniongoza mwenyewe mpaka njia ya mashambani.

Tazameni hapa, katikati ya mizeituni. Hakuna foleni, hakuna mtu. Ukuta mrefu, matao ya chini yaliyomezwa na vichaka, mengine yameanguka. Ni mfereji ule ule, kabla haujafika kwenye daraja kubwa. Sehemu moja ya hapa inaitwa Pont Rou. Mkulima analima mpaka ukutani. Kwangu mimi hapa panazidi kule kwenye picha, maana hapa unaona ulivyokuwa mrefu na wa kawaida, kitu cha kila siku kilichopita nyuma ya mashamba ya watu.

Sasa niwaonyeshe kilichouua. Mkitembelea pale juu ya daraja na kiongozi wa watalii, mnaingizwa ndani ya mfereji wenyewe. Kuta zake zimevimba. Maji ya huku yana chokaa nyingi, ile ile inayoganda ndani ya birika la chai. Mwaka hadi mwaka ikaganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka sehemu nyingine imefika karibu nusu mita kwenye ukuta mmoja. Njia ya maji ikawa nyembamba. Wakati dola ya Kirumi ina nguvu, watu walikuwa wanashuka ndani wanakwangua, wanakata mizizi, wanaziba nyufa. Kuanzia karne ya 4 utunzaji ukalegea. Hakuna adui aliyekuja kuuvunja. Waliacha kuusafisha, basi.

Nisimame hapo kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Mfongo wa ukoo wetu ulikuwa na siku zake za kazi. Kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyefika anatozwa, mara nyingi kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Babu alipofariki, wanaume wengi tulikuwa tumeshatawanyika: Arusha, Dar, Nairobi, na mimi huku. Leo kwenye ule mfongo kumeota majani, na mbele kidogo mtu amejenga choo juu yake. Nimekuja kilomita elfu kadhaa kulipa kiingilio cha kuona mfereji uliokufa kwa ugonjwa ule ule.

Haya, twende Uzès. Ni mwendo mfupi kwa basi. Mji mzuri wa mawe, una kasri la watawala wake wa zamani, walioitwa madyuki, na mnara wa duara uliojaa madirisha unaoitwa Tour Fenestrelle. Wenye kupenda minara, huu mtaupenda: umejengwa karne ya 12, na ndio peke yake uliosalia wa kanisa kuu la kale lililoangamizwa katika vita vya dini. Jumamosi kuna soko katika uwanja wa Place aux Herbes. Zeituni za kila aina, jibini ya mbuzi, asali, vikapu. Nendeni na njaa.

Lakini mimi nilishuka bondeni, chini ya mji, kwenye chemchemi ya Eure. Ndiyo mwanzo wa yote. Miti ya kivuli, kijito, watoto wanacheza. Nilinawa uso. Maji ni ya baridi, masafi, na bado yanatoka. Mfereji ulikauka karne nyingi zilizopita, ila chemchemi iko pale pale.

Kwa wenye siku ya ziada: Castillon-du-Gard ni kijiji juu ya kilima, panda jioni uone mashamba ya zabibu yote kwa mkupuo. Saint-Quentin-la-Poterie ni kijiji cha wafinyanzi, vyungu kila mlango. Na Collias ndiko wanakokodisha mitumbwi ya kushuka na mto mpaka chini ya daraja, kilomita 8 hivi.

Mwisho wa maji ni Nîmes. Mjini mtaona uwanja wa michezo wa Kirumi ambao mpaka leo unaingiza watu, na hekalu la Maison Carrée lililoingia Urithi wa Dunia mwaka 2023. Mtaona pia mamba kila kona! Nembo ya mji ni mamba aliyefungwa kwenye mtende, ukumbusho wa Kaisari Augustus wa Roma alivyoiteka Misri. Na zile suruali zenu za denimu, jina la kitambaa limetokana na mji huu: "de Nîmes", yaani cha Nîmes.

Ila msiondoke bila kwenda hapa nilipo sasa. Ni mtaa wa kawaida, nyumba za watu, na hili shimo la duara lenye uzio. Linaitwa castellum. Lilifukuliwa mwaka 1844. Maji yote ya kilomita 50, baada ya zaidi ya siku nzima njiani, yaliingilia kwenye lile tundu la mraba. Sasa hesabuni nami matundu ya ukutani: moja, mbili, tatu... kumi. Kila tundu lilishika bomba la madini ya risasi, na mabomba yakasambaa mjini kwenye mabafu, chemchemi za mitaani na nyumba za wenye uwezo. Nîmes ilikuwa na chemchemi yake tangu zamani. Haya yalikuwa maji ya nyongeza, ya heshima ya mji.

Nimempigia baba kwa video nikiwa hapa hapa. Hakuuliza urefu wa daraja wala miaka yake. Ameniambia nisogeze simu karibu na matundu, akayaangalia kimya, halafu akauliza yale ya chini kwenye sakafu ni ya nini. Yapo matatu. Nikamwambia ni ya kufungulia maji yote yatoke ili watu waingie kusafisha. Akasema, "Hapo sawa, hao walijua kazi."

Nawaomba kitu. Kama kwenu bado kuna mfongo unaotoa maji, iwe Kilimanjaro, Upare au Meru, nirekodieni sekunde 30: pale maji yanapoingia, na mtu anayeutunza akikubali kuonekana. Nitumieni kwenye ujumbe. Nitaziunganisha zote kwenye video ijayo, na ya kwanza itakuwa ya mdogo wangu, ambaye ameniahidi kwenda Jumamosi na jembe.