Upanga wa tai chi kwa anayeanza: kushika, kusimama na kuchoma

Haya jamani karibuni, leo tunashika upanga wa tai chi, sanaa ya mapigano ya Kichina ya mwendo wa taratibu, upanga ule mnyoofu wenye makali pande zote mbili, Wachina wanauita jian. Najua wengi mnataka kurukia fomu ya 32 ya mtindo wa Yang, yaani mfululizo wa miondoko 32 wa mmoja wa mitindo ya tai chi, ile iliyotungwa China mwaka 1957, na ni fomu nzuri sana naipenda, ila ukiiingia bila kujua kushika na kuchoma unakariri mwendo tu na upanga unabaki umebebwa, haufanyi kazi.

Anza na upanga wa mbao. Kupima urefu, ushike kwa mkono wa kushoto ukiwa umening'inia pembeni, kiganja kimetazama nyuma, ubapa umelala nyuma ya mkono na ncha iko juu, ikifika usawa wa sikio basi huo unakufaa. Halafu angalia nafasi, nyuma, pembeni, na juu pia kwenye taa na feni, na kama kuna mtoto au mbwa anazunguka zunguka hapo subiri kwanza atoke.

Sasa hamishia mkono wa kulia, na hapa naomba tusikimbie. Gumba na kidole cha kati ndo vinashika mpini, vingine vinasindikiza tu, na katikati ya kiganja pabaki na uwazi kidogo. Tazama vifundo vya vidole vyako, vikianza kupauka ujue umekaza, na ukikaza mkono na bega linapanda, bega likipanda nguvu ya mguu inaishia hapo hapo haifiki kwenye ncha. Legeza. Upanga usianguke, ila uweze kucheza mkononi.

Mkono wa kushoto nao una kazi. Kidole cha shahada na cha kati vinyooke vikiwa pamoja, cha pete na cha mwisho vikunje, gumba livikandamize. Huu ndo unaoleta balansi, usiuache unaning'inia.

Miguu: kushoto mbele, kulia nyuma umegeuzwa nje nyuzi 45 hivi, na usiipange kwenye mstari mmoja, acha upana wa nyonga katikati la sivyo utayumba. Goti la mbele lisipite vidole.

Tuchome. Kaa uzito kwenye mguu wa nyuma, mkono wa upanga uko kwenye nyonga ya kulia, kiganja juu, ncha inatazama mbele. Sukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, uzito unaenda mbele mpaka kama asilimia 70 iko mguu wa mbele, kiuno kinageuka kushoto taratibu, na mkono unanyooka mwisho kabisa, unatoa pumzi, ncha inafika usawa wa kifua, vile vidole vya kushoto vinapanda juu ya paji la uso. Kiwiko kisijifunge. Kurudi ni hivyo hivyo, unakalia nyuma kwanza, kiwiko kinashuka, upanga unarudi nyongani.

Kodolea ncha. Ikitetemeka au ikiinama pale mwisho, mara nyingi ni mkono umewahi kufika kabla ya uzito, kwa hiyo punguza spidi mpaka vyote vifike pamoja, hata kama unaona unachelewa mno, hiyo ndo tai chi yenyewe.

Ya pili ni kudonoa kwa ncha, ni fupi. Upanga uko mbele sawa na bega, inua kifundo cha mkono juu na ncha idondoke chini, pa, mkono mzima hausogei. Ukiona kiwiko kinapiga pampu rudia polepole.

Badilisha miguu, kulia mbele, uchome upande huo pia. Kifundo kikianza kuwaka weka upanga chini, endelea na vidole viwili vya mkono wa kulia vimenyooka kana kwamba ndo ncha yenyewe, miguu na kiuno vinafanya kazi ile ile, ukipoa unaushika tena.