Kurudi Nako ni Safari

Ndugu zangu wasafiri, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja.

Nina daftari hapa mkononi. Mliokaa mbele mnaliona: jalada limechakaa na juu yake pana duara la kikombe kilichowekwa kikiwa cha moto. Ni daftari la safari yetu ya kwanza ndefu, mimi na mke wangu, kwa gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko, choo na meza ndani yake. Kwenda tulitumia wiki 6. Kila jioni mmoja wetu aliandika: barabara ilikuwaje, tumelala wapi, nani katusaidia tulipokwama kwenye matope. Zilijaa kurasa 81. Ukurasa wa 82 una neno moja tu, kwa mwandiko wangu: "Tumefika."

Kati ya ukurasa wa 81 na neno hilo kuna siku 4 na kilomita zaidi ya 3,000. Sikumbuki mto hata mmoja tuliouvuka. Nakumbuka jambo moja, na ndilo lililonisimamisha mbele yenu leo.

Ilikuwa siku ya 3 ya kurudi, saa 5 usiku. Nilikuwa macho tangu saa 11 alfajiri. Barabara kavu, nyeupe kwa taa, haina magari. Ghafla nikasikia mngurumo chini ya magurudumu ya upande mmoja, ule wa matuta madogo yanayochorwa ukingoni mwa lami, na papo hapo mke wangu akiniita kwa jina. Ningeapa kwamba macho yangu yalikuwa wazi. Hayakuwa wazi. Tulikuwa tunakwenda kilomita 90 kwa saa, na kwa mwendo huo gari linakula mita 25 kila sekunde. Ukisinzia sekunde 4, umeshapita urefu wa uwanja wa mpira bila dereva.

Tuliegesha penye nafasi ya kwanza. Mke wangu hakunilaumu. Alikaa akiwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kabisa.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Usiku ule akili yangu ilikuwa imetangulia nyumbani tangu tulipogeuza gari. Nilishaona mlango, nilishaona kitanda, nilishapanga barua za kujibu. Kilichobaki barabarani ni mikono juu ya usukani na tani 3 na nusu za chuma na vyombo. Tangu hapo tumesafiri mara nyingi, na nimeamini jambo moja: kurudi kunastahili kupangwa kwa siku zake, kwa heshima ile ile tunayoipa safari ya kwenda. Wengi wetu safari ya kurudi tunaipa siku zilizobaki, kama makombo ya sahani.

Yapo maelezo ya kwa nini tunadanganyika. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi, akiwamo Niels van de Ven, walichapisha uchunguzi kuhusu hisia tunayoijua sote, kwamba njia ya kurudi huonekana fupi. Waliwapima watu na kukuta kwamba, kwa wastani, safari ya kurudi ilihisiwa kuwa fupi kwa kama asilimia 22. Mtu angesema ni kwa sababu njia tunaijua. Lakini hisia hiyo iliwapata hata waliorudi kwa njia nyingine yenye urefu ule ule. Maelezo yao ni kwamba wakati wa kwenda tunatarajia njia iwe fupi kuliko ilivyo, inatuchosha, basi wakati wa kurudi tunajiandaa kwa njia ndefu na inapita upesi kuliko tulivyoogopa.

Ni hisia nzuri, nami sitaki kuwanyang'anya. Hatari yake ni pale mtu anapoichukua hisia na kuifanya ratiba. Kilomita hazikupungua. Misuli ya mgongo, macho na tairi vinahesabu kilomita zile zile.

Tena tusidanganyike kwamba barabara ya kurudi ni ile tuliyoijia. Igeuzeni, mtaona imekuwa barabara nyingine. Mlima mlioupanda kwa saa nzima, injini ikilalamika na breki zikiwa zimepumzika, leo mnaushuka, na sasa kazi yote ni ya breki. Upepo uliokuwa ukiwasukuma ubavu wa kushoto unawapiga wa kulia. Aliyekwenda mashariki asubuhi jua lilimkaa machoni, na akirudi magharibi mchana umepinda, jua hilo hilo linamngoja mbele ya kioo. Kona mliyoiona ikifunguka sasa inafumba.

Niseme zaidi kuhusu mteremko, kwa sababu hapo ndipo gari-nyumba linapotofautiana sana na gari dogo. Ni zito, na uzito huo ukishuka mlima unageuka kuwa joto kwenye breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyozeeka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini kiwango kinachotakiwa yakishanyonya maji ni nyuzi 155 tu. Yakichemka, yanatoa mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Unakanyaga pedali inazama hadi sakafuni kama unakanyaga mto wa kulalia. Kwa hiyo shuka na gia nzito, ileile ambayo ungeipandia, iweke kabla hujaanza kushuka, uiache injini ishike gari. Breki uzikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, uziachie zipoe. Ukikaa umezigusagusa njia nzima, unazichoma. Na mafuta hayo yabadilishwe kabla ya safari ndefu, hata kama breki zinashika vizuri mjini.

Sasa mzigo. Tunakwenda tukiwa wepesi, tunarudi tukiwa wazito. Vyungu, vitabu, mazulia, mawe ambayo watoto wameyapenda. Magari-nyumba mengi yamewekewa kikomo cha kilo 3,500, na ukishatoa uzito wa gari lenyewe, watu na gesi, nafasi inayobaki ni ya kilo mia chache tu. Zaidi ya hapo, tunapenda kuupakia mzigo nyuma kabisa kwa kuwa ndiko kwenye buti kubwa. Chukueni gari ambalo ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu, zimeachana mita 4. Ukiweka kilo 100 mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inabeba kilo 150 zaidi, na ya mbele inapunguziwa kilo 50. Ni kama pembea ya watoto. Usukani unakuwa mwepesi, magurudumu ya mbele hayashiki lami kama yalivyoshika, na upepo wa lori linalokupita unakuyumbisha. Pitisheni gari kwenye mizani, ekseli moja moja, kabla ya kuanza kurudi. Vitu vizito viwekwe chini, katikati ya ekseli mbili.

Na tangi la maji: lita moja ni kilo moja. Kama usiku mtalala penye bomba, hakuna haja ya kutembeza lita 100 siku nzima. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.

Tairi ndizo zinazonikosesha usingizi kuliko kitu kingine, kwa hiyo mnivumilie. Katika safari yetu ya 3, asubuhi ya siku ya 5 ya kurudi, mke wangu alikuwa akizunguka gari kama tunavyofanya kila asubuhi kabla ya kuwasha injini. Yeye haangalii tu, anapapasa. Alipitisha kiganja kwenye ubavu wa ndani wa tairi la nyuma, upande ambao jicho halifiki, akasimama. Akaniita nipapase na mimi. Palikuwa na nundu, laini, kubwa kama nusu ya yai. Uso wa tairi ulikuwa karibu mpya, kashata zake zimesimama vizuri kabisa. Tukasoma tarehe. Kila tairi lina alama ya DOT ubavuni, na mwisho wake kuna tarakimu 4: mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lile letu lilikuwa na umri wa miaka 9.

Gari-nyumba linasimama miezi mingi na kutembea wiki chache, ndiyo maana tairi zake huzeeka kabla hazijaisha. Nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na kinachozuia upepo ni mpira mtupu. Hatukusogea hata mita moja. Tulikaa pale nusu siku tukisubiri tairi jipya, na mke wangu akatumia muda huo kuandika kurasa 3 za daftari ambazo mpaka leo ni kati ya nilizozipenda zaidi.

Kwa hiyo papaseni. Pimeni upepo tairi zikiwa baridi, asubuhi. Mzigo umeongezeka, na huenda upepo uliotosha kwenda hautoshi kurudi. Angalieni jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa uzito mlioukuta mizani.

Kuhusu hali ya hewa nitapita haraka. Mkiwa nje muda mrefu majira yanageuka, na aliyeondoka kwenye joto anaweza kurudi kwenye baridi. Gesi ya butani hukoma kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi sifuri. Propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Betri za lithiamu aina ya fosfeti ya chuma hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, maana zinaharibika moja kwa moja. Yajueni hayo kabla hamjaamka jiko limegoma.

Nirudi kwa dereva. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini vibaya sawasawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ni kosa la kuendeshea. Mimi usiku ule nilikuwa na saa 18. Madereva wa malori katika Umoja wa Ulaya hulazimishwa na sheria kupumzika dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, na wale ndio kazi yao. Sisi wa matembezi hatuna anayetulazimisha.

Utaratibu wetu siku hizi ni huu: saa 4 za usukani kwa siku, basi, na saa 10 jioni gari liwe limeegeshwa. Katikati ya njia tunalala usiku 2 mahali pamoja. Kama ramani inaruhusu, angalau theluthi ya njia iwe mpya. Na hatukimbii. Gari-nyumba lina uso wa ukuta, na ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 90 hadi 110 kwa saa, ukinzani unafika karibu mara moja na nusu ya ule wa awali. Mafuta ya ziada ambayo injini inachoma kuushinda ukinzani huo, kwenye umbali wa kilomita 300, yanakununulia dakika 36.

Kuna jambo la moyoni ambalo halimo katika vitabu vya gari. Baada ya wiki kadhaa katika chumba cha hatua 6, siku za kurudi watu hunyamaza. Nilidhani ni uchovu. Baadaye nikaona kwamba kila mmoja ameshaanza kuishi nyumbani peke yake, na majukumu yake, akiwa bado amekaa kando ya mwenzake. Ugomvi wetu mkubwa kabisa wa safari ulikuwa wa kurudi, na ulianza kwa kijiko. Sasa tunaambizana wazi: leo bado tupo safarini. Kila jioni mmoja anasoma kwa sauti ukurasa wa daftari wa safari ya kwenda, tunaukumbuka pamoja, ndipo tunaandika wa siku hiyo.

Halafu msiwaahidi wa nyumbani saa ya kufika. Waambieni siku, au waambieni siku mbili: kesho kutwa au mtondo. Ahadi ya saa ndiyo iliyonikalisha usukanini hadi saa 5 usiku. Mama yangu alikuwa amesema atatungoja.

Usiku wa mwisho tunalala mwendo wa saa moja kabla ya nyumbani. Watu wanatushangaa. Lakini asubuhi yake tunafika mchana mweupe, tumeoga, tunaona matawi na waya za langoni, maana gari la kimo cha mita 3 linaweza kupita salama nchi nzima likapasuka dari kwenye paa la mwenyewe. Tunakumbatiana na watu tukiwa na nguvu za kukumbatia. Matangi tunayamwaga siku hiyo hiyo, friji tunaikausha na kuuacha mlango wake wazi, betri ya vyombo vya ndani ya gari tunaichaji hadi ijae. Mizigo mingine inangoja.

Mara ya mwisho kitanda cha ndani ya gari hatukukitandua. Baada ya chakula na hadithi, watu walipokwenda kulala, mke wangu alichukua taa akatoka, nami nikamfuata. Tulilala humo usiku mmoja zaidi, gari limeegeshwa mlangoni, tukisikiliza injini iliyokwisha poa tangu mchana, naye akaandika ukurasa wa 164.

Karibuni maswali.