Daktari Aliyeachiwa na Juri Mara Nne: Henry Morgentaler

MWANAIDI: Karibuni tena kipindini. Leo tunaye mtu ambaye ukilitaja jina lake Kanada, watu waliokaa meza moja wanaweza kugawanyika papo hapo, ingawa mwenyewe alifariki 2013. Daktari Henry Morgentaler, aliyevunja sheria ya utoaji mimba waziwazi mpaka ikafutwa. Kaka Baraka, wewe ndiye uliyemleta, haya anza.

BARAKA: Nimemleta, lakini sikuja kumtetea. Tuelewane mapema, dada.

MWANAIDI: [anacheka] Tumeelewana.

BARAKA: Alizaliwa 1923 mjini Łódź, Poland, familia ya Kiyahudi. Baba alikuwa msoshalisti wa Bund, chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi, na Wanazi walimuua. Mama alifia Auschwitz, dada yao Treblinka, zote kambi za Wanazi. Yeye na mdogo wake wa kiume walipitia Auschwitz, kisha Dachau, wakatoka hai 1945. Alifika Kanada 1950, na 1953 akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Montreal.

MWANAIDI: Halafu miaka zaidi ya kumi ni daktari wa familia tu, mashariki ya Montreal. Hakuna aliyekuwa akimjua.

BARAKA: Mpaka Oktoba 1967. Kamati ya bunge ilikuwa inakusanya maoni kuhusu sheria ya utoaji mimba, naye akaenda kuzungumza kwa niaba ya wanahumanisti, watu wanaojenga maadili bila kutegemea dini. Akawaambia wabunge kwamba mwanamke ana haki ya kutoa mimba changa bila kumpigia mtu magoti. Sasa, ukishasema hivyo hadharani na wewe ni daktari, unadhani nini kitafuata?

MWANAIDI: Wanawake watakuja mlangoni.

BARAKA: Walikuja. Na mwanzoni aliwarudisha! Hapo ndipo ninapopata shida naye. Ameshasema bungeni ni haki, mwanamke anakuja analia, anamwambia siwezi, nitafungwa.

MWANAIDI: Lakini kaka, tusipunguze uzito wa sheria yenyewe. Adhabu ya juu kwa daktari ilikuwa kifungo cha maisha. Kwa mwanamke, miaka miwili. Mtu aliyetoka kambini, ana mke na watoto, mimi siwezi kumlaumu kwa kusita. Ninachokiangalia ni kwamba baadaye aliacha kusita. 1969 alifunga kazi ya daktari wa familia, akafungua kliniki ya kutoa mimba.

BARAKA: Na mwaka huohuo sheria ilikuwa imelegezwa. Serikali ya Waziri Mkuu Pierre Trudeau iliruhusu mimba itolewe hospitalini, kamati ya madaktari watatu wakithibitisha kwamba uhai au afya ya mama iko hatarini. Kwa hiyo wapinzani wake wanauliza swali la haki kabisa: njia halali ipo, kwa nini wewe upite dirishani?

MWANAIDI: Kwa sababu mlango ulikuwa wa kuchora ukutani. Hospitali haikulazimika kuwa na kamati, na nyingi hazikuwa nayo. Palipokuwa na kamati, mwanamke haitwi, hasikilizwi. Wanaume watatu, maana kwa kawaida walikuwa wanaume, wanasoma karatasi tu. Serikali yenyewe iliunda tume kuchunguza, na ripoti ya 1977 ikaonyesha kwamba tangu mwanamke amwone daktari mara ya kwanza hadi mimba itolewe, wastani ulikuwa wiki 8. Wiki 8, na mimba inakua!

BARAKA: Wakati kwake ni dakika chache. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza Kanada kutumia njia ya kufyonza: mrija mwembamba, ganzi ya sehemu ile tu, mgonjwa yuko macho. Hospitalini bado walikuwa wanakwangua kwa chuma, mgonjwa kalazwa usingizi.

MWANAIDI: Polisi walimvamia 1970. Na hapa ndipo ninapopapenda, kwa sababu mtu mwingine angenyamaza asubiri kesi. Yeye 1973 akatangaza wazi kwamba ameshatoa mimba 5,000 nje ya hospitali. Kisha akakubali televisheni imwonyeshe akiifanya kazi yenyewe. Na ikarushwa Siku ya Mama!

BARAKA: Mimi nasema hiyo ilikuwa kejeli. Nchi nzima inampongeza mama, wewe unatoa mimba kwenye skrini. Hata wanaokuunga mkono unawatia aibu.

MWANAIDI: Kejeli, sawa. Lakini alitaka ashtakiwe mbele ya juri, na Novemba 1973 akaipata. Kwa wasikilizaji ambao mfumo huu ni mgeni kwao: juri ni raia 12 wa kawaida, si wanasheria, wanasikiliza ushahidi kisha wanaamua kama mshtakiwa ana hatia. Na hii ni Quebec, jimbo lililolelewa na Kanisa Katoliki. Upande wa mashtaka ulikuwa na ushahidi wote, tena mwingine kajitangazia mwenyewe.

BARAKA: Wakasema hana hatia.

MWANAIDI: Hana hatia! Utetezi ulikuwa wa dharura, kwamba kuna wakati unalazimika kuvunja sheria ili kuzuia dhara kubwa zaidi. Raia 12 wakakubali.

BARAKA: Lakini Mahakama ya Rufani ya Quebec, 1974, ikafanya jambo ambalo hata mimi nisiyempenda lilinishtua. Haikuamuru kesi isikilizwe upya. Ilifuta uamuzi wa juri, ikaandika yenyewe: ana hatia. Miezi 18 jela. Mahakama ya Juu ikaunga mkono Machi 1975, majaji 6 kwa 3.

MWANAIDI: Akaingia ndani kweli. Alitumikia miezi 10, na akiwa humo alipata shambulio la moyo. Wakati huohuo wakamfungulia kesi ya pili. Anatolewa gerezani anapelekwa mahakamani, juri nyingine, watu wengine 12, wanasema tena: hana hatia. Anarudishwa gerezani!

BARAKA: Ni kichekesho kibaya. Bunge likaona haya, likabadilisha sheria: mahakama ya rufaa isiweze tena kugeuza uamuzi wa juri wa kumwachia mtu ukawa wa kumtia hatiani. Kifungu hicho mpaka leo wanasheria wa Kanada wanakiita kwa jina lake. Kwa hiyo hata muuza unga akishtakiwa kule analindwa na Morgentaler. [anacheka]

MWANAIDI: Waziri wa sheria aliamuru ile kesi ya kwanza irudiwe, 1976. Juri ya tatu.

BARAKA: Hana hatia.

MWANAIDI: Serikali mpya ya Quebec ikaingia madarakani mwishoni mwa mwaka huo, ikatangaza haitamshtaki tena. Sheria ya nchi ipo palepale, ila kule Quebec imebaki karatasi tu. Mimi ndiyo maana nasema, bwana, ushujaa wake tunausifu au tunaulaani, lakini walioishinda sheria ile ni wale watu 36 ambao majina yao hatuyajui.

BARAKA: Ongeza 12 wengine. 1983 alifungua kliniki Winnipeg na Toronto. Siku ya ufunguzi Toronto, mtu alimrukia na mkasi wa kupogolea bustani, na mwanaharakati Judy Rebick akaingia katikati kumkinga. Polisi wakavamia mwezi uliofuata, na 1984 juri ya nne ikamwachia. Lakini dada, hapa niruhusu.

MWANAIDI: Nakuruhusu.

BARAKA: Wakili wake, Morris Manning, aliwaambia wale 12 kwamba wakiona sheria ni mbaya, wanaweza kukataa kuitumia. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu Brian Dickson alimkemea wakili. Akasema fikirini juri yenye ubaguzi wa rangi inaambiwa isitumie sheria ya mauaji kwa mzungu aliyemuua mtu mweusi. Umeona? Hao watu 12 unaowasifu leo, kesho wanakugeuka.

MWANAIDI: Hoja hiyo ina nguvu, siikwepi. Ila Dickson huyohuyo, siku hiyohiyo, Januari 28, 1988, aliifuta sheria yenyewe! Majaji 5 kwa 2. Walisema kumlazimisha mwanamke kubeba mimba kwa tishio la jela, kwa utaratibu wa kamati unaoyumba namna ile, ni kuingilia usalama wa mwili wake, unaolindwa na kifungu cha 7 cha Mkataba wa Haki na Uhuru, ulio sehemu ya katiba ya Kanada. Jaji Bertha Wilson, mwanamke wa kwanza katika mahakama hiyo, alikwenda mbali zaidi ya wenzake akazungumzia uhuru wa dhamiri.

BARAKA: Bunge likajaribu kutunga sheria nyingine. Ilipita kwa wabunge, ikafika Seneti 1991, kura 43 kwa 43. Sare ni kushindwa. Tangu hapo hakuna sheria ya jinai juu ya jambo hili Kanada.

MWANAIDI: Na 1992 kliniki ya Toronto ikalipuliwa usiku. Hakuna aliyeumia.

BARAKA: Sasa kuna kauli yake moja siimezi. Alikuwa akisema watoto waliotakiwa na kupendwa hawakui wakajenga kambi za mateso. Naelewa inatoka wapi, kwa yaliyompata. Lakini nani kasema walinzi wa Auschwitz hawakupendwa na mama zao? Hapo alikuwa anageuza msiba wake kuwa ushahidi.

MWANAIDI: Nakubali, na hakuihitaji. Hoja ya mwili wa mwanamke inasimama bila hiyo.

BARAKA: Kwangu haisimami peke yake, maana kuna huyo mwingine tumboni. Na mamilioni ya Wakanada walifikiri hivyo. Alipotangaziwa Nishani ya Kanada 2008, Kadinali Jean-Claude Turcotte alirudisha ya kwake.

MWANAIDI: Lakini Morgentaler hakurudisha.

BARAKA: [anacheka] Huyo? Alikuwa na miaka 85, angerudisha nini? Alifariki Mei 2013, ana miaka 90.

MWANAIDI: Na mwaka uliofuata kliniki yake ya Fredericton, jimbo la New Brunswick, ikafungwa. Si polisi, si bomu. Serikali ya jimbo ilikataa kulipia huduma nje ya hospitali, na aliyekuwa akifidia pengo kwa fedha zake ndiye huyo aliyekufa. Kisiwa cha Prince Edward kilianza kutoa huduma hiyo kwake 2017 tu, miaka 29 baada ya hukumu. Hilo tutalichambua kipindi kijacho: mahakama ikishakupa haki, ni nani analipa bili.

BARAKA: Na mimi nitakuja na upande wangu.

MWANAIDI: Njoo nao, kaka. Kwaherini.