Maji Yanayochemka Kimyakimya

Wazee shikamooni, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie maikrowevu, na najua swali lililo mioyoni mwa wengi: mionzi yake haitudhuru? Nalijibu upesi, maana linatupotezea muda. Mawimbi yale ni ya jamii moja na ya redio. Hutikisa molekuli za maji zilizomo kwenye chakula, na mtikisiko huo ndio joto. Ukifungua mlango yanakatika papo hapo, na hayabaki kwenye chakula, kama vile taa ikizimwa mwanga haubaki chumbani. Kinachounguza watu ni joto lenyewe.

Sasa nisikilizeni kwenye hili la maji. Maji ya sufuria hutuonya: hutoa mapovu, hunguruma. Mapovu hayo huanzia kwenye mikwaruzo midogo ya chombo iliyonasa hewa. Kikombe kipya, laini, karibu hakina mikwaruzo hiyo, kwa hiyo maji yanaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi yakiwa yametulia tuli. Unakitoa, unatia sukari au majani ya chai, na maji yote yanakurukia usoni. Tumbukiza kijiti cha mbao kabla ya kuwasha, usizidishe muda, kisha acha kikombe kitulie humo ndani kama dakika moja kabla ya kukigusa. Na maji yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa yaogopeni zaidi, kwa kuwa hewa yake imeshatoka.

Chakula kina ujanja wa namna nyingine. Mawimbi hupenya sentimita mbili tatu tu. Katikati hungoja joto lisafiri lenyewe. Ndiyo maana kiporo huunguza ulimi pembeni huku ndani kikiwa baridi, na ndani humo vijidudu vinaendelea na maisha yao. Koroga katikati ya muda, funika ukiacha upenyo wa mvuke, halafu kiache kitulie kabla ya kula. Mwenye kipimajoto ahakikishe katikati pamefika nyuzi 74.

Maziwa ya mtoto mchanga msiyatie humo kabisa. Chupa huweza kuwa vuguvugu mkononi na maziwa ya ndani yakawa ya moto wa kuunguza koo. Iloweke chupa kwenye maji ya moto. Ni kazi ya dakika chache.

Yai zima hupasuka, hata lililochemshwa likamenywa, na wakati mwingine hungoja meno yako. Foili na vyombo vyenye urembo wa dhahabu hutoa cheche. Plastiki isiyo na alama ya kuruhusiwa, weka kando.

Kuna mzee hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza kama anaweza kurekebisha mwenyewe mlango wa maikrowevu usiofunga vizuri. Hapana, mzee wangu. Acha kuitumia na umwite fundi. Hata ukiichomoa kwenye umeme, kapasita ya ndani, yaani kifaa kinachotunza chaji ya umeme, huweza kubaki na chaji ya kuua mtu.