Pima ya Baba, Pima ya Mwana

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya akina baba, shule zikikaribia kufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nashukuru kuona baadhi yenu mmekuja na vijana wenu. Wakisinzia msiwaamshe, mengi ya leo yanawahusu zaidi nyinyi wazee.

Nimeombwa nizungumzie baba na mwanawe wa kiume wanapotoka pamoja wakati wa baridi. Kwetu baridi ni kipupwe, na nawaona wanaotabasamu: nyuzi 20 za alfajiri nazo ni baridi? Mwenye shaka akakae juu ya ngalawa saa kumi na moja na nusu, nguo zimelowa mpaka kiunoni, upepo wa kusi unamtafuta mbavu, kisha aje tuzungumze.

Wenzetu wa Minnesota, kule Marekani, hungoja ziwa ligande. Hutoboa tundu kwenye barafu, wakapindua ndoo na kuikalia, wakateremsha mshipi wa kuvulia. Wana kanuni yao: barafu mpya isiyofika inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, haikanyagwi. Lakini chombo cha kule ninachokipenda ni upawa wenye matundu. Lile tundu huanza kuganda tena muda si mrefu, lazima mtu akae achote vipande vya barafu, la sivyo linaziba. Ni kazi anayoiweza hata mtoto wa miaka sita, na asipoifanya, uvuvi umekwisha.

Neno langu la leo ni hilo la upawa: mkitoka na mtoto, mpe kazi ambayo asipoifanya hampati kitu. Mtoto aliyepelekwa kutazama huchoka kwa nusu saa, akaomba simu. Hapo baba hukasirika, na siku imeharibika kabla jua halijapanda.

Tuanze na siku yenyewe. Baba wa mjini hutazama kalenda ya ukutani, akachagua Jumamosi. Bahari haina Jumamosi. Tazameni mwezi mwandamo. Karibu na tarehe 1 mpaka 3, na 15 mpaka 17, ni bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana, mkondo ni mkali, na chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, haikai chini, inaburutwa tu. Hizo ni siku za kutembea mwambani kutafuta pweza, maana saa nne za asubuhi maji yamekauka. Kwa mshipi na mtoto chagueni maji mafu, tarehe 8 mpaka 10 au 22 mpaka 24. Mkondo umetulia, na jambo la bahati ni kwamba siku hizo hapa kwetu maji hujaa kuanzia alfajiri mpaka kama saa nne asubuhi. Samaki wanaingia pamoja na maji, nanyi mmekwisha kaa mnawangoja. Kila siku inayopita, saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mpe kijana daftari, ayapige hesabu mwenyewe kuanzia wiki moja kabla. Akikosea, mtafika pwani na kukuta matope, na somo hilo halihitaji fimbo.

Kisha kusi. Inaanza baada ya upepo wa kaskazi kuondoka, na Juni mpaka Agosti ndiyo miezi yake ya nguvu. Alfajiri huwa imelala kidogo. Jua likipanda na nchi kavu ikipata joto, inaamka. Kwa hiyo mnatoka saa kumi na moja na nusu, na saa nne mko mnarudi. Msingoje mpaka povu jeupe lionekane. Na jihadharini na mlango wa ghuba maji yanapokupwa: mkondo unatoka nje, upepo unasukuma kuingia ndani, na mawimbi husimama wima yakiwa mafupi mafupi. Hapo ngalawa nzuri hujaa maji kwa dakika chache. Mkiwa na mtoto, nje ya mwamba msiende kabisa. Kaeni ndani ya ghuba, mahali rasi ya Raskazone inapowakinga na upepo, au nyuma ya kisiwa cha Toten, mbali na njia ya meli.

Kama hujui chombo, kodi ngalawa pamoja na nahodha wake, mwenye chombo kilichoandikishwa. Wapo akina baba wanaoona haya kuambiwa, "Mzee, kaa chini," mbele ya watoto wao. Kaa chini. Mtoto aliyemwona baba yake akiamrishwa na mwenye ujuzi akatii, naye hatapata shida kuamrishwa.

Sasa mshipi, na hapa nitakawia, maana uvuvi wa baba na mwana hufanyika zaidi usiku wa kuamkia safari, juu ya jamvi, chini ya taa.

Chukueni mshipi wa nailoni unaobeba kilo 15 hivi, mita 50, mmoja wa baba na mmoja wa mwana. Uzungusheni kwenye kibao au chupa tupu ya plastiki. Chini kabisa ni chubwi ya gramu 60 mpaka 100. Juu ya chubwi, kiasi cha sentimita 30, inatoka ndoana ya kwanza kwenye kitawi cha sentimita 15. Sentimita 30 nyingine juu yake, ndoana ya pili. Vitawi visizidi hapo, vikigusana vitasokotana. Chubwi msiifunge kwa mshipi wenyewe bali kwa uzi dhaifu zaidi, wa kilo 5 hivi. Mwamba ukiinasa, uzi huo ndio unaokatika: mnapoteza chubwi, ndoana zinabaki. Mtu asiyefanya hivyo hurudi nyumbani na kibao kitupu.

Ndoana za kawaida, zile ambazo namba yake haina mkwaju na sifuri (/0), namba ikipanda ndoana inapungua. Namba 8 ni ndogo kuliko namba 6. Akina baba wengi hununua ndoana kubwa, kana kwamba mtu huvua kwa heshima. Changu wadogo na chaa wana midomo midogo. Chukueni namba 8 au 6. Kabla ya kuzifunga, shikeni plaizi mbane kile kijino cha ndani kinachozuia ndoana isichomoke, kilale kabisa. Mtapoteza samaki mmoja wawili, lakini ndoana ikimwingia mtoto kidoleni itatoka ilikoingilia. Ya kijino ikizama haivutwi kwa nguvu, inapelekwa hospitali.

Fundo ni la kijana. Apitishe ncha kwenye tundu la ndoana, aizungushe mara 5 au 6 kwenye mshipi wenyewe, airudishe ipite ndani ya kile kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu, alilowanishe kwa mate, ndipo avute polepole. Mate si ushirikina. Nailoni ikikazwa kavu hujisugua, ikapata moto, ikadhoofika palepale penye fundo.

Halafu lijaribuni. Choma ndoana kwenye kigogo cha kuni, kijana ajiviringishie kitambaa mkononi avute kwa nguvu zake zote. Likiachia, tazameni ncha ya mshipi pamoja. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo limeteleza: mizunguko haikutosha, au hakukaza. Ikiwa imenyooka, nailoni yenyewe imekatika: ilikazwa kavu, au ni kuukuu. Ncha ile ya nusu sentimita inamweleza mtoto kosa lake bila baba kufungua mdomo. Ndiyo maana nawaomba: usilifungue fundo lake ukafunga lako. Likikataa mara tatu, afunge mara ya nne. Ukilibadilisha kimyakimya akiwa amelala, samaki atakayepatikana kesho ni wako, naye atajua. Watoto wanajua.

Chambo ni ngisi. Nusu kilo kutoka soko la samaki la Deep Sea jioni yake inawatosha wawili na kubaki. Mkate vipande vya upana wa sentimita 1 na urefu wa 4, mnyunyizie chumvi kidogo. Dagaa na kamba huvutia upesi, lakini hudonolewa wakaisha, na mtoto hukaa na ndoana tupu robo saa nzima bila kujua. Ngisi ni mgumu, anakaa.

Nguo, kwa ufupi. Pamba ikilowa haikaushwi na upepo, inakuwa barafu ya mgongoni. Mvalisheni sweta la sufu na juu yake koti jepesi lisilopitisha upepo, na shati kavu la akiba liwe ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mifuko ya rambo tuliagana nayo Juni 2019. Mwili mdogo hupoa upesi kuliko mkubwa, kwa hiyo baba asijipime yeye. Mtoto akiacha kuongea, au akishindwa kufunga kifungo, ng'oeni nanga. Boya la kuvaa liwe la kiasi chake: mnyanyue kwa mabega ya boya; likipanda mpaka masikioni, si lake. Chukueni chupa mbili, moja ya chai ya tangawizi na moja ya maji ya moto matupu. Ya pili nitaieleza.

Mkifika mahali, kabla ya nanga mtoto ateremshe chubwi mpaka iguse chini, kisha aivute juu akihesabu pima. Pima, mnajua, ni mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, nayo kwa kila mtu hukaribia kimo chake. Baba wa mita 1.75 atapata pima 5; mwanawe wa miaka kumi, mwenye mita 1.40 hivi, atapata pima 6 na kitu. Mwacheni ashangae. Nani amekosea? Hakuna. Na hesabu yake ndiyo itumike, maana nahodha anahitaji kuisikia: kamba ya nanga iwe angalau mara tatu ya kina, na upepo ukiongezeka mara tano. Kamba fupi huinyanyua nanga badala ya kuilaza, mkajikuta mmesogea bila kujua. Kazi ya pili ya kijana ni hiyo: achague minazi miwili ya pwani iliyopangana, moja mbele ya mwingine, na kila baada ya muda atazame kama bado imepangana.

Mshipi upite juu ya kidole cha shahada, usizungushwe mkononi hata mara moja, kwa sababu mwamba au samaki mkubwa akivuta, nailoni hukata nyama. Chaa hudonoadonoa, changu hupiga na kwenda. Mngoje aende, ndipo uvute kwa mkato mmoja. Kidole kilichokufa ganzi hakisikii mdono, hivyo kikombe cha chai ni cha kushika kwanza, kunywa baadaye.

Na mazungumzo? Msiyaandae. Kwetu mtoto mwenye adabu hamkazii baba yake macho, na ndani ya ngalawa hakuna haja: mmoja yuko mbele, mwingine nyuma, kila mtu anatazama maji yake. Mambo ya shule, ya mwalimu, ya rafiki aliyemgeuka, hutoka yenyewe kati ya mdono na mdono. Baba ajibu kwa maneno machache. Akianza hotuba, mtoto atarudi kwenye mshipi, na ana haki. Mkiishiwa, semeni habari za silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na leo hifadhi yake iko hapa hapa kwetu, tangu 2009. Hakuna mtoto wa Tanga atakayetazama maji meusi vile vile baada ya hapo.

Yanayoharibika zaidi ni mawili. Mishipi kusokotana: baba hunyakua, akavuta, fundo likawa kiota. Legezeni yote miwili, toeni ndoana kwanza, mtoto ashike upande mmoja, na kama dakika kumi zimepita, kateni. Nailoni ni rahisi kuliko asubuhi nzima. La pili ni samaki kuponyoka mikononi pa mtoto na baba kuguna. Mguno ule mdogo husikika kuliko makelele.

Chupa ya maji ya moto ni kwa ajili ya tasi. Miiba yake ina sumu, na anayechomwa husikia maumivu ya kumpanda mkono mzima. Changanyeni maji kwenye kopo, baba atie mkono wake kwanza. Yakiwa ya moto lakini yanavumilika, mtoto atumbukize kidole nusu saa au zaidi, mkiongeza ya moto yanapopoa. Joto hudhoofisha sumu ile. Tasi ashikwe kwa kitambaa, na wa kwanza amchomoe baba.

Mkirudi, samaki wabebwe na kijana mpaka jikoni, hata wakiwa watatu. Mishipi isuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ndoana zipakwe mafuta ya nazi. Kisha chukueni mshipi wake, aupime tena pima 6 zake kuanzia kwenye chubwi, na hapo mfunge uzi mwekundu. Msiuondoe. Kipupwe cha mwakani auteremshe mahali pale pale, ahesabu.

Naona mzee pale nyuma ameinua mkono tangu niliposema mambo ya kijino cha ndoana. Karibu, mzee wangu.