Jinsi ya Kupiga Picha Maporomoko ya Materuni Wakati wa Masika

Habari zenu ndugu watazamaji. Leo niko Materuni, juu ya mji wa Moshi, na huo mngurumo mnaousikia ni maporomoko yenyewe. Maji yanaanguka takribani mita 80, masika yamekolea, mto umejaa. Msimu huu wengi hufungia kamera kabatini, lakini mimi ndio msimu ninaoupenda kuliko yote.

Kabla ya kugusa kamera, tafuta pa kusimama. Mwamba huu hapa mbele unang'aa kwa sababu ya ule utelezi wa kijani. Ukiukanyaga, umekwenda na maji. Mimi nasimama nyuma, kwenye jiwe linalokwaruza, mbali na ukingo. Halafu tazama rangi ya mto. Mvua inaweza kunyesha kule juu msituni wakati hapa tulipo pamekauka. Mwenyeji wangu aliniambia tangu tulipokuwa kwenye migomba: "Kaka, maji yakigeuka tope tu, tunapanda, hata kama picha hujamaliza." Ukiona majani na matawi yameanza kuteremka, usisubiri kuambiwa.

Sasa kamera. Nimeivisha kofia ya plastiki ya kuogea, nikaitoboa mbele ipite lenzi, nikaifunga kwa rababendi. Vitambaa vikavu vitatu viko mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu begi lenyewe limeshalowa.

Sogea uone lenzi kwa karibu. Nimeielekeza kwenye maji kwa sekunde chache tu, tayari ina matone. Tone moja hapo katikati litaacha doa la ukungu kwenye kila picha, na kwenye kioo kidogo cha kamera huwezi kuliona. Mara ya kwanza nilipokuja hapa nilirudi Moshi na picha za siku nzima, zote zina doa palepale. Roho iliniuma sana. Kwa hiyo fanya hivi: yape maporomoko mgongo, futa lenzi, ifunike kwa kiganja, geuka, piga picha tatu au nne, kisha geuka tena ufute. Maji yakianguka yanaleta upepo wao, unakuja na kutulia. Subiri utulie.

Ukitaka matone yaonekane moja moja, weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, 1/1000 ya sekunde na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, maana hapa bondeni mwanga ni hafifu. Ukitaka maji yavutike, weka ISO 100, tundu la lenzi f/11, shata 1/4 ya sekunde, kamera ikiwa juu ya stendi iliyoshushwa chini, na tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Wengine huacha shata wazi sekunde tano, kumi. Maji yanageuka pamba, na nguvu yake yote imepotea. Mimi sipendi, nabaki na 1/4.

Mwamba mweusi na majani vinaidanganya kamera, inaongeza mwanga mpaka maji yanakuwa meupe pee. Punguza mwanga kwenye alama ya +/- hadi -1, uone mistari ya maji inavyorudi. Mtu wa simu, gusa sehemu nyeupe ya maji kwenye kioo, kisha teremsha alama ya jua.

Sasa namwomba mwenyeji wangu asimame pale kwenye njia, na koti lake jekundu. Mnaona? Bila yeye, hakuna ambaye angejua ukuta huu wa maji una ukubwa gani.

Tukimaliza, nafuta kamera kwa kitambaa kikavu, basi, haya ni maji baridi, hayana chumvi. Wewe wa Tanga au Pwani unayepiga mawimbi ya kusi, anza na kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi kikakamuliwa, utoe chumvi, ndipo ukaushe. Na usibadilishe lenzi huku kwenye manyunyu. Ngoja ufike ndani, pakavu.